Gari la Spoti Lililobadilishwa: Namna ya Kulitunza na Kulitengeneza Nyumbani

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mlaji anayemiliki, au anayekusudia kununua, gari la spoti ambalo halipo tena kama lilivyotoka kiwandani. Magari ya namna hii si haba katika miji yetu. Mengi yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na baadhi yake yalibadilishwa huko huko kabla ya kupakiwa melini: springi fupi, ekzosi pana, rimu kubwa, pengine hata kompyuta iliyoandikwa upya. Mengine yamebadilishwa hapa nchini na wamiliki wawili au watatu waliofuatana, kila mmoja akiongeza lake bila kumwachia mwenzake maandishi yoyote.

Ili somo lisielee hewani, tutatumia mfano wa gari moja linalofahamika, Subaru Impreza WRX ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2007. Mwenye Altezza au Mark II yenye turbo atakuta kwamba sehemu kubwa ya maelezo inamhusu pia, ingawa vipimo vitatofautiana.

Ofisi yetu haisemi kwamba kulibadilisha gari ni kosa, wala kwamba mwenye gari asishike spana. Kazi nyingi za matunzo zinafanyika vizuri nyumbani, na mwenye gari makini mara nyingi huzifanya kwa uangalifu kuliko kijana wa gereji anayekimbizana na magari sita kwa siku. Tatizo liko mahali pengine. Gari la kawaida lina kitabu cha mtengenezaji kinachotaja oili yake, pedi zake na mkazo wa kila nati. Gari lililobadilishwa halikitii tena kitabu hicho kikamilifu, na hakuna aliyeandika kingine badala yake. Mwenye gari ndiye anayelazimika kukiandika.

Daftari kabla ya spana

Kabla ya kununua kipuri chochote au kufungua nati yoyote, tenga siku moja uchunguze gari ulilo nalo hasa. Anza na kadi ya usajili. Linganisha namba ya chesisi na namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi na zile zilizochongwa kwenye gari lenyewe. Injini za mtumba hubadilishwa mara kwa mara katika magari haya, na si ajabu ukakuta gari linaloitwa WRX likiwa na injini ya toleo jingine. Namba zisipolingana, suala hilo ni la kupeleka Mamlaka ya Mapato kwanza; vipuri vitasubiri.

Kisha fungua boneti na utafute kibati cha utambulisho kilichomo katika chumba cha injini. Kinakueleza gari lilizaliwa likiwa nini. Baada ya hapo zunguka gari zima ukiandika lilivyo sasa: kipenyo na upana wa rimu, ukubwa wa tairi, aina ya kalipa za breki za mbele na za nyuma, rangi na jina la springi, kichujio cha hewa, bomba la ekzosi na kama masega bado yamo, valvu ya kupumulia turbo, usukani, na kifaa chochote cha umeme ambacho hakionekani kuwa cha kiwandani. Palipo na namba ya kipuri, nakili namba hiyo. Piga picha. Daftari la kurasa nane linatosha.

Naomba niruhusiwe kueleza kwa nini ofisi hii inalishikilia sana jambo linaloonekana dogo. Kaka yangu alinunua WRX ya namna hii kwa mtu aliyemwambia tu kwamba gari "limeongezwa breki". Hakuuliza zaidi. Pedi za mbele zilipoisha alikwenda dukani akaomba pedi za WRX, akapewa, akaenda nazo nyumbani. Zilikuwa pana kwa milimita chache kuliko nafasi iliyokuwapo, kwa sababu kalipa zilizofungwa zilikuwa za toleo la STI. Fundi aliyeitwa kumsaidia hakuona tatizo. Alichukua tupa akazisaga pembeni hadi zikaingia.

Zilifanya kazi mjini kwa wiki tatu. Safari ya kwanza ndefu ilikuwa ya Iringa, na wakati wa kurudi, katika kuteremka Kitonga nyuma ya malori, pedali ya breki ilianza kulegea, kisha ikazama karibu hadi sakafuni. Aliokolewa na gia ya pili na subira ya dereva wa basi aliyekuwa nyuma yake. Gari lilipofunguliwa ilionekana kwamba pedi zilizosagwa zilikuwa zimekwama ndani ya kalipa na kuibana diski muda wote, na mafuta ya breki, ambayo hakuna aliyejua yaliwekwa lini, yalikuwa yamechemka. Muuzaji wa pedi alikataa kuzipokea: zimesagwa, na tena hakuna risiti.

Ukitazama mkasa huo utaona kwamba hakuna kifaa kilichokuwa kibovu tangu mwanzo. Kalipa zilikuwa nzuri, na pedi huenda zilikuwa halisi. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa maandishi unaosema gari lina kalipa gani.

Breki

Kwa kuwa tumeanza na breki, tuzimalize. Kubadilisha pedi ni kazi inayofanyika nyumbani iwapo pedi ni sahihi. Pedi sahihi huingia bila kusagwa, na husogea kwa kusukumwa na kidole. Ikihitaji nyundo au tupa, rudisha dukani kabla haijachafuka. Kalipa ikifunguliwa isiachwe kuning'inia kwenye mpira wake wa mafuta. Ifunge kwa waya kwenye springi. Badilisha pedi za magurudumu mawili ya ekseli moja kwa pamoja, kamwe si upande mmoja. Kabla ya kuondoka kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama hadi iwe ngumu. Wapo waliolisahau hilo wakaligundua getini.

Mafuta ya breki yanastahili maelezo zaidi. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, na katika mji wa pwani kama Dar es Salaam unyevu haukosekani. Kwa kiwango chake, mafuta mapya ya DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unachokisukuma kwa mguu wako basi ni mapovu, na breki haishiki. Ndicho kilichotokea Kitonga. Kwa gari linaloendeshwa kwa kasi au kubeba mzigo milimani, kuyabadilisha mafuta haya kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo mno. Nunua chupa ndogo ambayo haijafunguliwa. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya fundi tangu mwaka jana imekwisha kunywa maji. Jihadhari pia na maandishi "DOT 5": hayo ni mafuta ya silikoni, hayachanganywi na haya mengine, wala si sawa na DOT 5.1 licha ya majina yao kukaribiana.

Kutoa hewa katika mfumo wa breki huhitaji watu wawili, mmoja akikanyaga na mwingine akifungua nati ya kalipa, huku kikopo cha juu kikijazwa kila mara kisikauke. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, ifanye mara ya kwanza pamoja na fundi unayemwamini.

Injini inayohesabu hewa

Hapa ndipo wamiliki wengi hupoteza fedha, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Injini ya WRX hupimiwa hewa inayoingia na sensa iliyo karibu na kichujio. Kompyuta, ambayo mafundi wengi huiita kontrol boksi, husoma kiasi cha hewa hiyo kisha huamua petroli kiasi gani inyunyizwe. Kwa mwendo wa kawaida uwiano unaolengwa ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli; injini inapokazwa, petroli huongezwa makusudi ili kupooza joto ndani ya silinda. Kila kitu kinategemea hesabu hiyo kuwa ya kweli.

Chukua sasa ile valvu inayotoa mlio wa "psshh" ambao vijana wanaupenda. Valvu ya kiwandani hurudisha hewa ya ziada ndani ya bomba, nyuma ya turbo. Ile ya kununua huitupa nje. Lakini hewa hiyo ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na sensa. Kompyuta imeinyunyizia petroli yake, na hewa yenyewe haipo. Kila gia inapobadilishwa mchanganyiko hujaa petroli kwa muda mfupi: moshi mweusi, plagi zenye masizi, gari kukohoa, matumizi ya mafuta kupanda. Mmiliki hupelekwa kununua plagi, kisha sensa, kisha pampu ya mafuta. Kurejesha valvu ya kiwandani kungemgharimu saa moja ya kazi. Ikiwa gari lako lina dalili hizo, anza hapo.

Kinyume chake ni hewa inayoingia bila kuhesabiwa, kupitia mpira uliopasuka au klipu iliyolegea baada ya sensa. Kagua mipira yote ya hewa kwa mkono, hasa ile iliyo chini ya kipoza hewa cha juu ya injini, kila unapofungua boneti. Kazi hii haihitaji ufundi wowote, na huibua zaidi ya mashine nyingi za gereji.

Ekzosi ni suala zito zaidi. Kubadilisha sehemu ya nyuma peke yake kwa kawaida huleta kelele tu. Kubadilisha bomba linalotoka moja kwa moja kwenye turbo, pamoja na kuondoa masega, hulegeza njia ya moshi kiasi kwamba turbo huweza kusukuma hewa kupita kiwango ambacho kompyuta iliandaliwa. Shinikizo likipita mpaka, kompyuta hukata petroli ghafla, na dereva huhisi gari kama limepigwa teke. Huo ni ulinzi. Usimlipe mtu akuondolee ulinzi huo. Mlipe aliyesoma kazi ya kuandika kompyuta upya, mwenye kifaa cha kupima mchanganyiko, na umwombe nakala ya alichoandika.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni petroli yenyewe. Magari ya spoti ya soko la Japani yaliandaliwa kwa petroli ya daraja la juu ya nchi hiyo, ambayo kwa kiwango chao oktani yake haipaswi kuwa chini ya 96. Injini ya turbo ikipewa oktani ndogo, mchanganyiko hujilipua wenyewe kabla ya zamu yake. Mafundi husema injini inagonga. Kompyuta ya kiwandani hujitahidi kujihami kwa kuchelewesha cheche, lakini kompyuta iliyoandikwa upya kwa tamaa ya nguvu huenda haina nafasi ya kujihami, na matokeo yake ni pistoni iliyovunjika kingo. Muulize aliyeliandika gari lako aliliandika kwa oktani ipi, na usome kiwango kilichobandikwa kwenye pampu ya kituo unachojazia. Kama gari liliandikwa Japani na wewe hujui, lichukulie kuwa halijaandaliwa kwa petroli unayotumia, na uliendeshe kwa upole hadi lipimwe.

Oili, maji na mkanda

Injini ya WRX imelazwa, pistoni zake zikipiga ngumi kushoto na kulia, ndiyo maana huitwa boksa. Oili yake ipimwe gari likiwa mahali palipo tambarare na injini ikiwa imezimwa dakika kadhaa, la sivyo kijiti kitakudanganya. Ipime kila unapojaza petroli. Ushauri huu huonekana wa kizee, ila injini hizi hubeba takriban lita 4 tu, turbo hula sehemu yake, na dereva anayesubiri taa nyekundu iwake huwa amekwisha kuharibu beringi za konrodi. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando wa oili. Haina uvumilivu kwa oili chafu au pungufu. Baada ya mwendo mkali, malizia kilomita za mwisho polepole ili ipoe kabla ya kuzima.

Kubadilisha oili na filta ni kazi nzuri ya nyumbani. Mwaga oili ikiwa vuguvugu, si ya moto. Weka washa mpya kwenye nati ya kutolea, hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini, kaza filta mpya kwa mkono. Andika tarehe, kilomita, na jina kamili la oili. Oili chafu iwekwe kwenye galoni na kukabidhiwa kwa wanaoikusanya. Ikimwagwa uani hufika kisimani. Ukisikia harufu ya oili inayoungua baada ya safari, tafuta uvujaji juu ya bomba la ekzosi, na ulisitishe gari hadi upatikane, kwa kuwa moto wa gari huanza hivyo.

Maji ya kupoza: usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa. WRX ina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo lililo juu zaidi. Kazi zao hazifanani, na visibadilishane nafasi. Tumia kulanti iliyochanganywa ipasavyo. Maji ya bomba huzaa kutu, na kutu huziba rejeta.

Mkanda wa taimingi ndio unaotenganisha mlaji mwenye daftari na asiye nalo. Katika injini hii mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, na fundi atakuambia, kwa haki, kwamba injini nyingine ni rahisi kuliko kuirekebisha. Ratiba ya Japani ni kilomita 100,000. Lakini dashibodi inaweza kuwa imerudishwa nyuma kabla hujalinunua gari, na mpira huzeeka hata ukikaa. Kwa hiyo, pasipo na risiti ya kazi hiyo, hesabu kwamba haijafanywa. Ibadilishwe seti nzima, yaani mkanda, roli, kivutio na ikiwezekana pampu ya maji, kwa kuwa roli iliyojifia huangusha mkanda mpya sawasawa na mkanda wa zamani. Tunashauri kazi hii isifanyike nyumbani kwa mara ya kwanza. Alama zikikosewa jino moja, kosa hilo halisamehe.

Magurudumu

Mlaji anaposikia kwamba rimu ni "za Subaru" hudhani zitaingia. WRX ya kizazi hiki ina nati tano kwenye duara la milimita 100. STI nayo ilikuwa hivyo hivyo hadi mwaka 2004, kisha toleo la 2005 likahamia milimita 114.3. Rimu za STI ya baadaye hazitaingia kwenye WRX, na mtu akikuambia atazifanya ziingie, usimpe kazi. Pima kabla ya kulipa.

Suala la tairi ni la pekee kwa magari yanayosukuma magurudumu yote manne. Difu ya kati hutarajia magurudumu yote yazunguke kwa kasi moja. Subaru hutaka mzingo wa tairi zote nne usipishane zaidi ya robo inchi, yaani takriban milimita 6. Fanya hesabu mwenyewe: mzingo unaopishana milimita 6 ni sawa na tofauti ya unene wa kashata ya tairi ya takriban milimita 1 tu. Hivyo basi, tairi moja ikipasuka na nyingine tatu zikawa zimelika nusu, kuweka mpya moja ni kuitwisha difu mzigo kila kilomita. Tafuta tairi ya aina ile ile iliyolika kiasi kile kile, au badilisha zote. Ni ushauri wa gharama, tunakiri, lakini difu ni ghali kuliko tairi.

Kwa tairi za mtumba, soma tarakimu nne za mwisho pembeni baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi isiyo na tarakimu hizo, au iliyokwanguliwa, iache dukani.

Jeki, mchanga, na kazi za kuachia wengine

Nyumba nyingi zetu zina uwanja wa mchanga. Jeki hudidimia, hulala, na gari hushuka. Weka ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, zuia magurudumu yaliyobaki kwa mawe au matofali mazima, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika ya kuokota nati. Matofali ya saruji yasitumike badala ya stendi. Hupasuka bila kutoa onyo. Gari lililoshushwa lina shida ya ziada: jeki ya kawaida haiingii chini yake, na watu hulipandisha kwa kuinua sehemu za bodi zisizostahili. Panda kwanza juu ya mbao mbili, ndipo jeki ipite. Asifanye mtu kazi hii akiwa peke yake nyumbani.

Zipo kazi ambazo kwa maoni yetu hazifai kufanyiwa uani hata na mtu hodari. Ya kwanza ni kufungua springi kutoka kwenye shokapu: springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua, na vibanio vya bei nafuu huteleza. Nyingine ni kugusa usukani wenye mfuko wa hewa bila kujua taratibu za kukata umeme wake. Gari ambalo usukani wa kiwandani umeondolewa na kuwekwa wa spoti halina tena mfuko huo kwa dereva, na familia inayolitumia ina haki ya kuambiwa. Vilevile kufungua mabomba ya petroli, ambayo hubaki na shinikizo hata injini ikiwa imezimwa.

Dukani, na baada ya dukani

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa hiyo matumizi aliyoyakusudia, na akautegemea utaalamu wake, bidhaa inapaswa kuyafaa matumizi hayo. Ulinzi huo huwa hafifu kwa mnunuzi anayetaja jina la bidhaa tu na kulipa. Ndiyo maana daftari lako liende nawe dukani. Usiseme "nipe pedi za WRX". Sema: pedi za kalipa hii, yenye namba hii, iliyofungwa kwenye gari hili, na uombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti ya kielektroniki au kwenye karatasi ya duka yenye mhuri. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Anayekataa amekueleza jambo.

Kipuri bandia mara nyingi hujifichua kwa maandishi yenye makosa kwenye boksi, kifungashio kilichobandikwa upya, uzito mdogo kuliko cha zamani, na bei inayopungua mno. Linganisha kipya na kile ulichokitoa kabla ya kukifunga. Mashaka ya ubandia yapelekwe Tume ya Ushindani, na bidhaa unayoamini haikidhi kiwango ipelekwe Shirika la Viwango Tanzania.

Mweleze pia mtoa bima wako, kwa maandishi, mabadiliko yote yaliyomo katika daftari. Mkataba wa bima husimama juu ya uwazi kamili wa mwenye gari, na mabadiliko yaliyofichwa huweza kutumiwa kukataa madai yako siku ya ajali. Ada ikiongezeka, ulizia kampuni nyingine. Malalamiko dhidi ya mtoa bima hupokelewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Unapolalamika kuhusu kipuri, usikitupe wala usikisafishe, na usimwachie fundi aliyekitoa. Kiweke kwenye boksi lake pamoja na risiti, picha zilizopigwa kikiwa bado kwenye gari, na ukurasa wa daftari wenye tarehe na kilomita za siku kilipofungwa. Mpe muuzaji nakala, vitu halisi ubaki navyo hadi shauri liishe.